Jiwe la Tanuri Lililovunja Posa Yangu Temeke

Wakuu, salaam. Wa umri wangu humu ni wachache, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea kwa jumla: marahaba. Haya yamenipata mwenyewe, na sitaongeza wala kupunguza.

Nimesoma humu uzi unaoyaita mawe ya pete yanayotengenezwa maabara "feki". Nimekasirika, na hasira yangu ni ya zamani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala. Nilikuwa mwalimu kijana, Temeke. Akaniposa Idrisa, karani wa bandarini. Kabla ya kununua pete aliniambia waziwazi:

"Almasi siiwezi. Ipo yakuti nyeupe, imetengenezwa kwa tanuri huko Ulaya. Utaridhika?"

Nikaridhika.

(Kwa wasiojua: yakuti za namna hiyo zilikuwapo kabla sijazaliwa. Si kioo wala si almasi. Ni yakuti kama ya ardhini, ila haikuchimbwa.)

Ikafika siku ya sanduku. Kwetu, vitu vya mposaji hufunguliwa mbele ya wanawake, kimoja kimoja kikitajwa kwa sauti. Mwali hukaa chumbani, kimya.

Shangazi yake Idrisa, mpenda sifa asiye na mfano, akainua pete: "Almasi hiyo! Nyie mliozoea shanga, mtaweza kuitazama?"

Vigelegele. Nami nyuma ya pazia nimeuma meno.

Kesho yake baba mdogo, aliyenilea, akaipeleka kwa sonara. Alirudi anafoka.

"Tapeli mkubwa! Jiwe la kiwandani!"

Nikatoka chumbani, jambo ambalo mwali hafanyi.

"Baba, aliniambia mapema. Nililikubali."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna, Baba. Ndilo kosa lenyewe."

"Mwali haulizwi. Rudi ndani!"

Sanduku likarudishwa kwao. Shangazi yule, mwenye sauti siku ile, akawa bubu. Neno lake moja, kwamba almasi aliitaja yeye na si Idrisa, lingetosha kutuoza. Idrisa akahamia Tanga na jina la tapeli, yeye aliyekuwa mkweli peke yake katika shughuli nzima.

Sasa nielezeni, enyi mabingwa wa "feki". Muuzaji amesema ni la maabara, mnunuzi amejua, mvaaji ameridhika. Udanganyifu uko wapi? Ule wa Temeke ulitoka kinywani mwa mtu. Tanuri halikumdanganya yeyote.

Kabla hamjaidharau pete ya mtu, muulizeni anayeivaa. Mimi sikuulizwa.

Mwenye hoja aiweke hapa chini, nitamjibu. Mwenye matusi akae nayo.