Usisage Uso wa Chuma Kilichovunjika

Ipo siku moja ya msimu wa pamba, mwanangu, inayonirudia kila nikishika grenda ya kusagia chuma.

Nilikuwa kijana, fundi wa kuchomelea pale Somanda, mwepesi wa mkono na wa mdomo. Masanja, dereva wa trekta, aliniletea mkono wa tela, yaani kile chuma kinacholiunganisha tela na trekta. Karibu na tundu la pini palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

“Fanya haraka, fundi. Pamba ya watu inaningoja Migato.”

“Kwani napika makande? Kaa hapo, hata jasho halitakukauka.”

Nikapitisha moto juu ya ufa, nikapaka rangi. Ukapendeza.

Wiki chache baadaye, kwenye mteremko, mkono ule ukakatika na tela likapinduka. Mama Kulwa, aliyekuwa amekaa juu ya mafurushi ya pamba yake, akafia palepale. Watu wakasema Masanja alikimbiza trekta. Msibani hakuna aliyemsogezea hata kigoda.

Mwenye trekta akaniletea vipande viwili niviunge tena. Nikawasha grenda nisafishe nyuso zilizovunjika, kama tulivyozoea. Mzee Shija, aliyenifundisha kazi, akanidaka mkono.

“Zima! Unamsaga shahidi.”

Akakigeuza kipande kuelekea jua. “Ng'wanawane, mwanangu, umeshaona lambo likikauka? Maji yanaacha mistari ukingoni, mmoja baada ya mwingine. Haya, tazama.”

Kweli. Kuanzia kwenye tundu, chuma kilikuwa cheusi kwa kutu, laini, chenye mistari iliyopinda kama ya lambo. Kila mstari ni mahali ufa ulipotua kabla ya kuendelea. Mwishoni kabisa palibaki sehemu ya upana wa kidole, inayong'aa na kukwaruza kama chumvi ya mawe.

“Hapa peusi palipasuka polepole, siku nyingi. Hapa panapong'aa ndipo pekee palipokuwa pameshika siku ile. Hata angekwenda mwendo wa kinyonga, kingekatika. Na huku juu, ni nini?”

Huku juu ilikuwa kazi yangu, nyembamba kama ganda la yai. Chini yake ufa uliendelea na safari. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba kwa juu, nikachimba kaburi.

 Mzee alikiviringisha kile kipande kwenye gunia, akanikabidhi.

Nikalifungua palepale msibani, mbele ya mume wa marehemu, nikaeleza yote. Alipitisha kidole kwenye ile mistari, muda mrefu.

“Huo ufa uliuona?”

“Niliuona, baba.”

Hakusema nami tena mpaka alipokufa. Aliinuka, akaenda kukaa kando ya Masanja.

Mwanangu, kitu kikivunjika usikimbilie kukiunga. Soma kwanza uso wake. Simu unayo, upige picha. Tafuta mvunjiko ulipoanzia, maana ulipomalizikia kila mtu anapaona. Ukikuta ufa, uchimbe mpaka mwisho wake ndipo uujaze, na kama huwezi, sema siwezi. Utajifunza, hata mimi nilijifunza, ila kwa gharama ya mtu mwingine.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono usioficha, wala asikufikishe msibani umebeba gunia kama langu.