Kitambaa Kibichi cha Meza

Kila Shaila akiwa na wageni nyumbani kwake Richmond Hill, humwita mzee mmoja wa kuwaandalia meza na chai, na kila mara mzee hunyunyizia maji kitambaa cha meza kabla ya kupanga sahani. Ujanani alikuwa mhudumu wa meli za abiria, na kitambaa kikiwa kibichi sahani hazitelezi meli ikiyumba. Shaila amechoka kumwambia sakafu yake haiyumbi. Mzee huitikia kwa adabu, kisha hunyunyiza tena, akikilaza kwa kiganja taratibu.

Jumamosi moja Shaila alitunga mchezo: meli ya kifahari ya enzi za wakoloni, tajiri kauawa, wageni wamtafute muuaji. Wakavaa lulu na kofia, wakahojiana kidogo, njaa ikawashika, wakaamua haraka kwamba muuaji ni mhudumu wa meli.

"Pole, mzee, umekamatwa," Alykhan, mmoja wa wageni, akamtania mzee aliyekuwa akipanga sahani.

Mzee hakuinua macho. "Kwenye meli yetu pia walisema muuaji ni mhudumu. Alikuwa kaka yangu. Waliamua wakiwa mezani, akateremshwa Mombasa kwa pingu. Sikumwona tena."

Katika mchezo wa Shaila, muuaji alikuwa daktari. Alipofungua kinywa kuwaambia, walikuwa wameshaanza kupakua biriani.