Nilivyofika kwenye matanga yangu mwenyewe na kupata namba kwenye timu

Wakuu, salaam kwenu wote mlioamka na mnaojifanya mko kazini.

Hii si ya kusikia kwa jirani. Ni ya kwangu, na kama kuna mtu wa Kamembe humu wa umri wangu, atanicheka akishajua ni nani anaandika.

Miaka ile nilikuwa kijana mwembamba, kiungo wa timu yetu ya daraja la pili pale Kamembe, Rwanda, mpakani na Congo. Nikisema kiungo msifikirie mengi. Nilikuwa kiungo wa benchi. Benchi lenyewe lilikuwa la mbao, na niliijua misumari yake yote.

Kocha tulimwita Papa Zuberi. Mchana alikuwa fundi redio, jioni anatufundisha mpira. Mtu wa maneno machache sana. Ukicheza vizuri anasema "sawa". Ukicheza vibaya anasema "sawa" vilevile, ila anatazama pembeni.

Nchi ilikuwa bado inajikusanya baada ya yale yote mnayoyajua. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake asiyerudi. Sisi tulimkosa baba, alivuka kwenda Congo kutafuta biashara na hatukumwona tena. Kwa hiyo mama yangu alikuwa na woga mmoja tu duniani: mtoto wake avuke ng'ambo.

Sasa sikilizeni.

Tukaalikwa Bukavu kucheza mechi ya kirafiki. Kwa msiojua, Bukavu na sisi ni kama nyumba mbili zinazotazamana, katikati kuna mto na daraja. Kiungo wetu wa kwanza akashikwa na malaria. Papa Zuberi akatutazama benchi zima, akashusha pumzi, akasema, "Idi, vaa."

Mama nilimwambia nakwenda mazoezi Giheke, upande wetu huu huu. Ndiyo, nilidanganya, tuendelee.

Wakuu, ile mechi nilicheza. Upande wao kulikuwa na kiungo mmoja anaitwa Bahati, jamaa mfupi, mapaja kama magogo. Nikampiga tobo, mpira katikati ya miguu yake, mbele ya uwanja mzima. Watu wake mwenyewe wakacheka.

Dakika chache baadaye alinijia na buti zote mbili. Enka ikavimba kama muhogo.

Cha ajabu, mechi ilipoisha ni yeye aliyekuja kunibeba.

"Kaka, nilikosea, hasira ilinipanda mu kichwa. Tuende kwa mama, yeye ni infirmière, atakuangalia."

Wenzangu walikuwa wanapanda lori. Nikawaambia watangulie, kesho nitavuka daraja polepole kwa miguu yangu. Kamembe si ile pale, mabati yanaonekana?

Kesho yake vita ya pili ya Congo ikaanza.

Sitaki kuwachosha na habari za risasi. Wengine humu mnazijua kuliko mimi. Daraja likafungwa. Mjini wanajeshi kila kona, na kwenye mitaa watu wana hasira na yeyote aliyetoka upande wetu. Mimi niko Bukavu, mtaa wa Nguba, kwenye nyumba ya mtu aliyenivunja, mguu umefungwa kitambaa, natazama mabati ya kwetu dirishani.

Mama yake Bahati alikuwa nesi, mwanamke mpana, sauti ya kuamrisha wodi nzima. Alinipa bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kila siku, na kila siku alimgombeza mwanawe mbele yangu.

"Batoto ba siku hizi! Bakubwa banapigana juu ya inchi, na nyinyi munapigana juu ya mupira!"

Mchana mmoja wakaja vijana wa mtaa, wamejaa mlangoni, wengine na mapanga. Walisikia kuna Mnyarwanda ndani.

Bahati akatoka.

"Uyu ni cousin yangu, anatoka Uvira."

Yule kiongozi wao akachungulia, akanitazama usoni, halafu enka, halafu usoni tena. Kumbe alikuwa uwanjani!

"Cousin? Si ni ule alikupiga tobo? Na wewe ukamuvunja muguu?"

Bahati hakupepesa jicho.

"Njo ivyo. Ni mambo ya mu famille."

Ndipo mama yake akatokea na mwiko wa bugali mkononi, akawasukuma wote na kifua.

"Uyu ni mutoto wangu. Mwenye kumutaka aanze na miye. Na wewe," akamnyooshea mwiko kiongozi wao, "nilimuzalisha mama yako na mikono hii. Leo unakuya kwangu na panga?"

Kiongozi akateremsha panga. Akakuna kichwa. Akasema, "Maman, pardon." Halafu wakati anaondoka akageuka, akaniambia kwa huzuni kabisa, "Lakini ile tobo haikuwa muzuri."

Nilicheka mpaka machozi, wakuu. Halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Maman, kama walivyomwita wote, akakaa karibu nami mpaka yakaisha.

Siku kadhaa baadaye daraja likafunguliwa kwa watu wa miguu. Bahati akanipa shati lake lenye kofia, akanisindikiza mpaka pale askari walipomruhusu kufika. Nikavuka nachechemea.

Napanda kilima cha kwetu, naona kwetu kuna watu. Mikeka nje, masufuria makubwa, wanaume wamevaa kofia. Nikajiuliza, nani amefariki? Nikamfikiria bibi. Nikaanza kulia kwa ajili ya bibi.

Nikafika nyuma ya umati. Bibi huyu hapa, mzima, analia.

Kumbe wenzangu walishasema nilikobaki, na kuna mtu alileta habari kwamba bomu limeangukia mtaa niliolala. Sheikh alikuwa anabishana na wajomba, anasema hawezi kuswalia maiti bila uhakika, wasubiri. Wao wanasema uhakika gani zaidi. Na katikati ya ubishi huo akasimama Papa Zuberi kusema machache.

Sikuamini masikio yangu.

"Batu ba Kamembe," akasema, "tumepoteza kiungo ambaye inchi hii haijamuona. Alikuwa anaona pasi kabla mwenye mpira hajaiwaza. Munauliza juu ya nini nilimuweka kwenye benchi? Nilikuwa namuficha! Timu za Kigali zingemuiba!"

Watu wakaitikia kwa kilio. Mimi nyuma pale, kofia ya shati imenifunika, nikaona nimwache amalize. Nani angemkatisha mtu anayesema hivyo?

Ila shangazi yangu aligeuka kufuta pua, akaniona.

Ile sauti aliyotoa siwezi kuiandika. Wengine walikimbia, mjomba mmoja mkubwa aliruka ua. Sheikh peke yake alibaki amekaa, akasema, "Si niliwaambia?"

Mama alikuja moja kwa moja. Alinipiga kofi. Halafu akanishika uso kwa mikono miwili, akanikagua kama nguo inayouzwa sokoni, jicho, meno, sikio, na ndipo akanivuta kifuani na kukaa chini na mimi hapo hapo kwenye vumbi. Hakuniachia mpaka magharibi.

Chakula kililiwa, msijali. Hakuna kilichobaki.

Enka ilipopona nikarudi mazoezini, nikamfuata Papa Zuberi kwenye duka lake la redio.

"Kocha, yale maneno uliyasema kwa kuyaamini?"

Akaendelea kuchomea waya wake. "Ningesema nini mbele ya mama yako?"

Nikageuka kuondoka.

"Lakini mechi ya Butare utaanza," akasema. "Nilishasema mbele ya watu wote. Nitaficha wapi uso?"

Tukavuka msitu wa Nyungwe kwenda Butare, nikaanza. Mashabiki wetu wachache wananishangilia, "Marehemu! Marehemu!" Beki wao akaniuliza kwa nini wananiita hivyo. Nikamwambia nilizikwa mwezi uliopita. Wakuu, alinipa nafasi ya mita mbili mchezo mzima! Nikatoa pasi ya goli, tukashinda moja bila.

Baada ya mechi kocha akanipita, akasema, "Sawa." Lakini safari hii alinitazama usoni.

Daraja la kwanza sikufika. Nilicheza misimu michache, enka ikanikatalia, nikaingia kwenye biashara ya vitenge. Bahati aliacha mpira kabla yangu, tukawa tunavuka kutembeleana. Mama yangu alipokubali hatimaye kuvuka daraja, alimpelekea Maman kitenge kizuri kuliko vyote dukani. Walikaa uani mchana kutwa wakitusema sisi.

Nilichojifunza? Mwambie mtu uzuri wake akiwa amekaa mbele yako. Mimi nilipata bahati ya kusikia wangu, wengi wamelala bila kusikia.

Basi nawaachia uwanja. Nani humu ana kocha, bosi au mzee wake wa "sawa"? Na kama kuna aliyewahi kukuta anazikwa, aje tuunde timu.