King'ora cha Saa Saba

Huyo Dakika mnayemnunia ni mtoto wa dada yangu, na akili aliyo nayo kaitoa kwangu. Babake alikuwa mtu wa kusema "nakuja" akaja kesho. Mimi ndiye niliyemnunulia saa ya mkono na kumfundisha kuisoma, ingawa shule yenyewe ilishindwa kwenda na mimi.

Saa hiyo ndiyo iliyompa kazi. Kiwanda cha magunia kilitaka mtu wa kubonyeza king'ora: asubuhi watu waingie, saa sita wakale, saa saba warudi, saa kumi na mbili jioni watoke. Miaka ishirini na miwili hakukosea, jina likamganda. Lakini miaka yote hiyo ni kibarua tu, mkataba wa miezi mitatu mitatu, kama mpangaji anayelala na mizigo imefungwa.

Uchaguzi ulipokaribia, mkunga wa zahanati yetu akagombea ubunge. Ahadi yake ilikuwa moja: sheria ya kumfanya kibarua wa miaka mitano awe mwajiriwa wa kudumu. Mpwa wangu, asiyeweza kusema mbele ya watu watatu, akaanza kuzunguka kwenye mashine, vumbi la nyuzi nywele nzima, akimshika mmoja mmoja.

"Kura yangu itanifaa nini?" mama anayeshona midomo ya magunia alimwuliza. "Mheshimiwa aliyepo nilimpa mara tatu, na bado chooni naenda kwa ruhusa."

"Huyu alimzalisha binti yako, shangazi."

"Na mimi alinizalisha. Ndiyo maana najua ana mikono miwili tu."

"Basi mpe wa tatu."

Yule mama akacheka. Mtu akicheka, nusu ya kura umeshaipata. Hilo nilimfundisha mimi.

Tatizo lilikuwa muda. Vituo vya kura vinafunguliwa wao wameshaingia kazini, vinafungwa saa kumi, wao wanatoka kumi na mbili. Ilibaki ile saa moja ya chakula, na geti hufungwa dakika tano baada ya king'ora. Kibarua akibaki nje, namba yake anapewa mwingine.

"Tukichelewa je?" mshonaji akauliza.

"Nisipobonyeza, shangazi, nani kachelewa?"

Kwa neno hilo walimfuata wote.

Siku yenyewe walitoka bila kula, wakajipanga kwenye shule iliyo nyuma ya ukuta wa kiwanda. Dakika alipiga kura wa kwanza, akarudi mbio kibandani kwake. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani pake nikimpa moyo, maana bila mimi asingefika pale. Karani wa kituo alitafuta majina kwa rula, mstari kwa mstari, kama anayesaka chawa. Ilipokaribia saa saba, watu ishirini na wanane walikuwa bado kwenye foleni, mshonaji wa tano kutoka mlangoni.

"Kaa tu hivyo hivyo, mpwa wangu," nikamwambia.

"Nimekaa, mjomba."

Alikuwa amekaa kweli, macho kwenye saa ya ukutani. Mshale ukafika, na mkono wake ukaenda. Nilimwona akiutazama kama mkono wa mtu mwingine. King'ora kikalia.

Foleni ikakatika. Mshonaji akavua viatu akakimbia navyo mkononi.

Mkunga alishindwa kwa kura kumi na saba.

Wiki iliyofuata msimamizi alimpongeza Dakika kwa uaminifu wake na kumpa mkataba mpya: miezi mitatu. Mshonaji hupita mbele ya kibanda bila salamu, na wenzake nyuma yake.

Jana jioni nilimpitia. Nikamtania kwamba hata mimi, bingwa, niliwahi kukosea mara moja. Hakucheka.

"Mjomba," akasema, "kuisoma ulinifundisha. Kuipuuza je?"

Nilikuwa na jibu, mimi sikosi jibu. Ila ilikuwa imefika saa kumi na mbili, naye alishanigeuzia mgongo, kidole kiko kwenye kitufe.