Mbung'o kwenye Taa ya Pikipiki ya Baba

Petroli na sabuni ya unga, vikichanganyika juu ya udongo mwekundu uliolowa, hutoa harufu ambayo sijapata kuizoea hadi leo. Nikipita mbele ya vijana wanaoosha pikipiki kando ya barabara hapa Biharamulo, miguu huongeza mwendo kwanza, ndipo pua inanikumbusha kwa nini. Wengine harufu ya namna hiyo huwakumbusha safari, au kijana fulani waliyewahi kumpenda. Mimi hunirudisha uani kwetu Bukiriro, nina miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa na mswaki mkuukuu mkononi, namwogopea baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa migomba na kahawa kama baba za wenzangu wote, mpaka aliponunua pikipiki nyekundu ya Kichina akaanza kubeba abiria na mizigo. Pikipiki ile iliingia nyumbani kama bibi harusi. Ililala sebuleni, sisi watoto tukabanana chumba cha nyuma. Kila Jumapili baba alimpakia mama, kitenge chake cha kwaya kimenyooshwa vizuri, wakaenda kanisani, na baba hakuwa mtu wa kuegesha chombo kichafu mbele ya waumini. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri ilioshwa, na kazi hiyo nilipewa mimi kwa kuwa vidole vyangu viliingia mahali ambapo vya kwake havikuingia. Alinifundisha mwenyewe. Kwanza uache injini ipoe, kwa sababu ukiimwagia maji ikiwa ya moto unaiua. Kisha maji matupu ya kulainisha tope, kisha povu, ukianzia juu kwenye tangi na kushuka, kamwe usianzie chini. Kitambaa cha tangi hakigusi magurudumu. Cheni inasuguliwa kwa mswaki na mafuta ya taa, ikikauka inapakwa oili. Mwisho kabisa mafuta ya mgando, yale yale tuliyojipaka miguuni, kidogo tu kwenye siti na madigadi ili ing'ae. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nikijitazama kwenye tangi, kichwa kikubwa na miguu mifupi, nikacheka peke yangu.

Hofu ililetwa na mjomba Petro, kaka yake mama. Naye alikuwa na pikipiki, na siku za gulio alikuwa akipeleka mizigo Nyakahura. Njiani kuna kipande kirefu cha pori, na miaka ile wanyang'anyi walitokea humo na mapanga, wengine na bunduki. Mabasi yalisubiriana yakaenda kwa msafara na askari ndani. Mwenye pikipiki alikwenda na Mungu wake. Siku moja mjomba alirudishwa nyumbani kwetu juu ya lori la mkaa, bega limepasuliwa, pikipiki haipo. Alikuwa amelala kwenye nyasi tangu asubuhi bila mtu kumwona. Masikio na shingo vilikuwa vimevimba, na mimi niliyeshika beseni wakati mama akimsafisha nilidhani ni kipigo. "Hapana," mjomba akasema, "hao ni mbung'o. Walinimaliza huko chini." Mama aliposikia hivyo aliacha kumsafisha. Alitoa rozari yake, akaiweka kwenye kiganja cha baba mbele ya kitanda kile, akasema, "Baba Jenesta, niapie." Baba akaapa kwamba ataishia Bukiriro na Ngara mjini, porini hatatia gurudumu. Jenesta ndiye mimi. Nilisikia kila neno, na nililala vizuri kwa sababu ya kiapo kile.

Mjomba alipona, ila mkono haukuinuka tena kupita kifua. Haikupita miezi mingi, Jumamosi moja baba akarudi na pikipiki imejaa vumbi, mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikuwa napitisha mswaki kwenye ukingo wa taa ya mbele, pale taa inapokutana na plastiki, nikakwangua mdudu aliyekauka. Nilitaka kumtupa. Kisha nikaona mabawa yake yamelala moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na pale mbele ana mdomo mrefu kama sindano. Tulikuwa na picha yake darasani. Mwalimu alitwambia mbung'o anapenda kufukuza kitu kinachokwenda, hata gari, na kwamba kwetu hayupo kwa kuwa watu wamelima. Yeye anakaa porini. Nilibaki nimemshika kwenye kiganja chenye povu. Baba alikuwa ameketi mlangoni anavua buti. Aliniangalia, akaangalia mkono wangu, akasema, "Osha vizuri hapo kwenye taa." Basi. Sikujua kama ananiagiza kazi tu au ananiambia ninyamaze, na mpaka leo sijui.

Tangu hapo kuosha pikipiki hakukuwa kuosha tena. Nilikuwa natafuta mbung'o. Nilichokonoa kwenye taa, nyuma ya kibao cha namba, kwenye mbavu za injini ambako walikuwa wameivia kama dagaa. Jumamosi nyingine sikukuta kitu, nikaimba. Jumamosi nyingine niliwakuta wawili watatu, nikaenda kuwafukia kwenye migomba kabla mama hajarudi. Mama alikuwa akinisifu kwa majirani kwamba mtoto wake ana mkono wa usafi, na mimi nilitabasamu huku nikificha vidole vyenye udongo wa migomba. Niliogopa baba asije akafa. Niliogopa mama asije akajua, kwa sababu alishasema waziwazi kwamba kiapo kile kikivunjwa atamchukua mdogo wangu Deo mgongoni na kurudi kwao. Hakusema kama na mimi atanichukua. Na juu ya hofu nilikuwa na hasira, nasema kweli. Nilimkasirikia mtu mzima anayeshika rozari na kuapa, kisha anamwachia mtoto wa darasa la tano kubeba kiapo chake kwenye kiganja.

Jumamosi ambayo mambo yalifichuka, nilianza kwa kusikia. Pikipiki ilipanda mlima wetu kwa kasi ambayo baba hakuitumia kamwe, injini inalia mpaka kuku wakakimbia. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Badala ya kuegesha uani kama kawaida, aliipitisha nyuma ya jiko, akashuka. "Osha," akasema. "Osha haraka." Niliweka kiganja karibu na injini, joto likanipiga. "Baba, bado ya moto." Akasema, "Osha hivyo hivyo." Mtu aliyeniambia mara ngapi kwamba maji yanaua injini ya moto sasa ananiambia nimwage. Nikamwaga. Injini ikapiga kelele, mvuke ukanifunika uso, na mvuke ulipoondoka nikaiona siti.

Ilikuwa imekatwa. Pale anapokaa abiria, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, panga lilikuwa limepita na sponji ya njano imetokeza nje. Siku hiyo hakuwa na abiria, namshukuru Mungu. Niliweka mkono wangu kati ya mahali palipokatwa na mahali mgongo wa baba unapokuwa anapoendesha, na mkono ukaenea kwa shida. Niliutupa mswaki kwenye ndoo. Baba alishaingia ndani. Nilijaribu kurudisha sponji kwa vidole, nikaifunika na povu, povu likanywea. Nilikuwa bado nahangaika hivyo niliposikia sauti ya mama mbele ya nyumba. Mwalimu wa kwaya alikuwa anaumwa, wamerudi mapema. Sikufikiri. Nilipanda pikipiki, nikakalia mahali palipokatwa, sketi yote ikalowa.

Mama alizunguka jiko, Deo mgongoni, akasimama. "Jenesta, shuka."

"Bado naosha, mama."

"Unaosha umeikalia?"

Niliteleza nikashuka. Mama aliitazama siti ile kwa muda, halafu akaingiza vidole kwenye mpasuko, taratibu, mpaka kiganja kikapotea ndani. Baba alikuwa ametoka, amesimama mlangoni pa jiko. Nilisubiri kelele. Nilisubiri mama aende chumbani kufunga nguo zake. Badala yake alinipa Deo, akachukua kitambaa mkononi mwangu, akaanza kuosha. Alianzia kwenye tangi akashuka chini, kama baba alivyonifundisha, hakuruka hata njiti moja ya gurudumu. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye kanga. "Jumamosi ijayo tunakwenda wote," akasema.

Baba akajaribu kucheka. "Kwenda wapi, Mama Jenesta?"

"Huko unakokwenda. Nitapanda hapo hapo palipokatwa."

Wiki nzima nilidhani ni maneno ya hasira. Baba alimbembeleza, akaahidi tena, mama akamwambia ahadi zake ameshazisikia. Baba akauliza watoto watabaki na nani. "Hilo swali," mama akasema, "ulipaswa kujiuliza wewe kwanza." Jumamosi asubuhi baba alikuwa ameshaziba siti kwa kipande cha tyubu, mama akatoka amevaa kitenge cha kwaya kana kwamba anakwenda misani, akapanda, akamshika baba kiunoni. Deo alilia kutaka kwenda. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekauka kabisa. Nilisikiliza mlio mpaka ukaishia ng'ambo ya kilima, kisha nikaendelea kuusikiliza ingawa haukuwepo.

Sijui kama nimewahi kuogopa tena namna ile, na nimezaa watoto wawili. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Nilibandika maharage nikayasahau mpaka yakashika chini. Kila pikipiki iliyopita barabarani nilitoka mbio na Deo kiunoni, nikarudi. Kabla ya siku ile nilimwogopea mmoja; sasa wote wawili walikuwa juu ya siti moja. Nilishaanza kupanga tutakavyoishi kwa mjomba Petro, mimi nikimsaidia kulima kwa kuwa mkono wake haufai, Deo nitamwogesha mimi, nguo za mama nitaziweka wapi. Mwisho nilichota maji, nikapanga ndoo mbili nyuma ya jiko, sabuni, mswaki, vitambaa, kila kitu mahali pake, kana kwamba nikiviandaa vizuri pikipiki italazimika kuja kuoshwa.

Ikaja. Jua halijafika utosini, nikaisikia inapanda mlima polepole, wote wawili wapo juu yake. Mama alishuka, akanusa hewa, akaenda moja kwa moja jikoni kunigombeza kwa ajili ya maharage. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile. Baba alinikabidhi pikipiki bila kunitazama. Nilingoja ipoe, nikaosha. Kwenye taa palikuwa na vumbi tupu. Jumamosi zilizofuata vilevile, mwezi uliofuata vilevile. Baba aliishia Ngara mjini, kahawa ikapaliliwa kuliko zamani, na mboga zetu, bila fedha ya Nyakahura, kwa muda mrefu hazikuonja mafuta. Mimi niliendelea kuchokonoa kwenye taa mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni.

Siku hizi pori lile limefyekwa sana kandokando ya barabara. Malori ya mizigo yanapita mchana na usiku kwenda Rwanda na Burundi, na ukiwasimulia vijana habari za mabasi kusindikizwa wanakutazama kama unawaongezea chumvi. Wazazi wangu wapo, wamezeeka. Mwaka jana nilikwenda Bukiriro, nikamkuta mama anamenya ndizi, na baada ya miaka yote hiyo nikapata ujasiri wa kumuuliza kilichowarudisha siku ile.

"Tulifika pale mashamba yanapoishia," akasema. "Mimi nilishaamua, angeingia tungeingia wote. Lakini nilikuwa nimemshika kiunoni, nikasikia anatetemeka. Nikadhani ni pikipiki. Akaizima, bado anatetemeka. Ndipo nikajua kwamba siku zote zile alikuwa anatetemeka huko peke yake." Akachukua ndizi nyingine.

Nilikuwa nimemhesabu baba kuwa mtu asiyeogopa kitu. Nilidhani hofu yote ya nyumba ile niliibeba mimi. Nilitamani kwenda kumwambia, lakini alikuwa amelala usingizi wa mchana kwenye kiti chake, nikamwacha.

Deo sasa ni mwanamume mwenye ndevu, anaendesha bodaboda pale Nyakahura na kulipita pori lile kila siku. Haoshi pikipiki nyumbani. Anaipeleka kwa wenye mashine ya maji, inarudi inang'aa, haina habari yoyote ya mtu kuisoma. Kwa hiyo inabidi niulize. Aliponitembelea mara ya mwisho nilimuuliza anaogopa nini huko njiani. Alicheka, akaona mimi sicheki, akajikuna ndevu.

"Malori, dada," akasema. "Yakinipita pale kwenye kona, huwa nafumba macho."

Usiku ule sikulala vizuri. Lakini safari hii nilikuwa nimeambiwa.