Deni la Nyumba na Pesa za Al-Suwaidi

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la paka wa jirani, lakini hapa siyaandiki. Wenyewe wakisoma watajijua.

Nyumba yangu ya mwisho ya kazi ilikuwa Al-Suwaidi, Riyadh. Nilikaa humo mpaka watoto niliowaogesha wakaoa. Siku ya kuondoka madam alinipa malipo yangu ya kiinua mgongo cha miaka yote kwa mara moja. Nikayafunga kiunoni, nikapanda basi pale Batha, niende Jeddah kumuaga binti yangu kabla ya kurudi Kenya. Usiku kucha sikusinzia, mkono uko kiunoni.

Binti yangu ni muuguzi, anakaa Al-Mahjar, huko huko Jeddah, na mumewe. Nyumba ya Voi, ile ambayo ningeenda kuishi mimi, aliinunua kwa mkopo wa benki, na kila mwezi benki inamkata. Akikosa, nyumba inakwenda. Na mwaka huo hospitali yake ilikuwa ikipunguza watu. Barua ya mkataba wake mpya ilikuwa haijatoka.

Mimi nilifika na neno moja tu: pesa zote ziingie kwenye mkopo, deni lishuke, halas.

Akaniambia kuna njia mbili. Alinieleza mara tatu, maana mimi shule niliishia darasa la tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo yangu: ukilipa zaidi, deni linashuka na miaka inapungua, ila pesa ikishaingia hairudi. Ya pili ni akaunti ya akiba inayofungwa pamoja na mkopo. Pesa yako inakaa humo, na benki inahesabu riba kwa deni lile linalobaki baada ya kuondoa akiba yako. Siku ukiwa na shida unaichukua, riba inapanda tena.

Nikakataa. Pesa iliyolala naijua mimi. Sisi tunaolala kwa mabosi hatuna pa kuficha pesa, kwa hiyo wengi humwachia madam mshahara awawekee. Madam wangu wa kwanza nilimwachia wa mwaka mzima na zaidi. Mama yangu alipofariki nikaomba nauli, kumbe zimeshaingia kwenye harusi ya mwanawe. Alinilipa zote, sikatai, lakini alinilipa kaburi la mama likiwa limeshaota nyasi. Nikamwambia binti yangu, pesa ikilala karibu na watu, watu wanaitumia.

Mkwe wangu alikuwa jikoni. Kwetu mkwe haketi uso kwa uso na mama wa mkewe, kwa hiyo alisema akiwa nyuma ya mlango, akimwambia mkewe kwamba akiba ni bora, mama aelezwe tu, na ikiwa hapo karibu wanaweza hata kuitumia kidogo kununua pikapu ya kubebea mizigo.

"Uambie huo mlango," nikasema, "pikapu nimeisikia."

Siku mbili mimi na binti yangu hatukuongea vizuri. Chai naletewa, nakunywa, nashukuru, basi. Kila simu yake ikilia naona anavyoishika, anadhani ni hospitali. Ndege yangu ilikuwa kesho yake. Jioni akaja akaketi chini, karibu na miguu yangu.

"Mama, bibi alipofariki, zile pesa zilikuwa zako?"

"Zangu."

"Ulizipata siku uliyozitaka?"

Nikakaza fundo la kiunoni.

"Na mimi mkataba usipotoka, benki nitaiambia nini? Inirudishie nilizolipa zaidi?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikidhani kilichoniuma ni ile harusi. Kumbe ni kukosa nauli. Nikampa sharti: akaunti iwe ya majina yetu wawili, na shilingi isitoke bila sahihi yangu na yake. Akapiga simu benki, wakakubali. Nikamfungulia kitambaa cha kiunoni.

Barua ilitoka mimi nikiwa Voi. Hawakumrudisha kazini.

Miezi minne nilikwenda benki mjini kutoa kwenye akiba pesa za kulipa mkopo wa mwezi. Yeye anatuma idhini yake kutoka Jeddah, mimi naandika jina langu herufi moja moja, foleni nyuma yangu inakohoa. Karani aliniuliza kama ningependa kuweka dole gumba. Nikamwambia asubiri. Mkwe alipiga simu mara moja tu, akasalimia sana, akauliza hata kuku. Pikapu hakuitaja. Niliitaja mimi, akacheka mpaka simu ikakatika.

Nyumba haikuguswa. Mwezi wa tano binti akapata kazi hospitali nyingine, Riyadh. Akaniuliza kama sasa zile zilizobaki tuziingize kwenye mkopo, kama nilivyotaka mwanzo.

Nikamuuliza mkataba huo mpya ni wa muda gani.

"Mwaka mmoja, mama."

"Basi ziache zilale."