Nyusi za Mpimaji

Binti anayesomea masikio ya watu chuo kikuu ana vidole vyembamba, sauti ya kubembeleza na nyusi zisizotulia. Kila akituma mlio kwenye hedifoni za anayempima, nyusi hupanda. Leo anampima bibi yake. Bibi, aliyeapa kwamba kidude cha viziwi hatakivaa ng'o, aliligundua hilo mapema: nyusi zikipanda, anabonyeza kitufe cha kuonyesha kwamba amesikia.

“Makubwa! Bibi, unanishinda hata mimi kwa kusikia.”

“Ulidhani nimezeeka?”

Mara binti akashikwa na chafya. Nyusi zikapanda, na Bibi akabonyeza. Binti akaitazama mashine, ambayo haikuwa imelia, akauma mdomo asicheke, kisha akakigeuza kiti cha Bibi.

“Tuanze upya, Bibi wangu. Safari hii tazama ukuta.”

Bibi akakishika kitufe, akangoja, akangoja tena. Ukuta haukuwa na nyusi.